Mjomba Zabron Hajambo

Kila asubuhi, kabla ya kutia hata tone la chai mdomoni, mjomba wangu Zabron alikuwa akitoka kwenda kusalimia mtaa. Si salamu ya kupita njia. Anasimama mlango kwa mlango, magongo kwapani, anapiga hodi, anangoja aitikiwe, ndipo anaanza: mmeamkaje, watoto wameamkaje, yule mgeni wa Pangani keshaondoka, na kuku aliyekuwa analalia je, kaangua? Hapa kwetu Mabawa, Tanga, salamu ni lazima, hilo najua. Lakini yeye alisalimia kama mtu aliyeajiriwa kusalimia.

Nao wakimuuliza, "Na mguu je, mzee Zabron?" jibu lilikuwa lilelile.

"Mzima kabisa, tunamshukuru Mungu."

Halafu anarudi nyumbani, anakaa kwenye kigoda uani, na mkewe Leticia, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Yona, anamfungua bandeji. Hapo ndipo sisi wa ndani tulipokutana na huo uzima. Kidonda cha chini ya goti kilikuwa hakijafunga tangu ajali. Kilitoa usaha, na harufu yake ilimhamisha paka. Ndani mlikuwa na chuma alichowekewa hospitali. Daktari alishasema wazi: chuma kitolewe, mfupa uungwe upya, tena mapema, la sivyo mguu utakatwa. Fedha za operesheni hiyo hazikuwepo mahali popote duniani isipokuwa kwenye kesi ya fidia ya ajali hiyo. Kesi ikisikilizwa, mguu una matumaini. Kesi ikilala, mguu unakwenda. Hata mimi niliyeishia darasa la tano nililielewa hilo. Mjomba naye alilielewa, ila aliona aibu kulitamka. Ndicho nilichomdharaulia.

Aibu hiyo hakuianza kwenye ajali. Babu yangu aliteremka kutoka Usambara kuja kukata mkonge, na mjomba akazaliwa kambini, kwenye vile vyumba vya mstari mmoja ambavyo ukikohoa wa mwisho anakwambia pole. Alipokua akaingizwa korona, yaani kule kiwandani majani ya mkonge yanakosagwa ili singa zitoke, akafanya kazi mpaka kiwanda kikafungwa. Waliofungiwa wenzake walikwenda kuwagombeza mabosi. Yeye alikwenda kuwaaga. Mama yangu alinisimulia hayo akicheka, mimi sikuona cha kuchekesha.

Baadaye akapata kazi ya kulinda geti Raskazone, kwenye nyumba kubwa ya zamani inayotazama bahari. Kazi iliyomkaa sawasawa: kufungua geti na kusalimia magari. Yule tajiri wa pale alikuwa akimwita Zakayo, naye akiitika. Nilimuuliza siku moja, "Mjomba, mbona humwambii jina lako?"

"Nitamwambiaje, mama? Atajisikia vibaya."

Sasa ajali. Abass, Mpemba mmoja fundi cherehani, alikuwa akishonea barazani mtaa wa pili. Jioni moja mjomba alikuwa amesimama mbele ya cherehani akimsalimia. Kenta, lori dogo la Mselem, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Usagara, ikaja kinyumenyume bila utingo nyuma, ikambana mjomba mguu kwenye ukuta wa baraza. Abass alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kenta ikasogea mbele, mjomba akaanguka, na kitu cha kwanza alichosema, Abass mwenyewe ndiye aliyetusimulia, ni kumwambia dereva, "Usijali kijana, ni bahati mbaya."

Mselem alikuja hospitali na mkate na maziwa. Alitoa pole yenye maneno mazuri. Kisha kesi ilipofunguliwa, majibu yake yakasema mzee Zabron alitumbukia mtaroni akiwa amelewa, gari lake halikuwepo. Mjomba ni Mlutheri asiyejua hata harufu ya pombe ya mnazi. Watu waliokuwa jirani siku ile wote walikuwa ndani wakifuturu, kwani ilikuwa Ramadhani. Aliyeona kwa macho ni Abass peke yake, aliyekuwa amebaki nje akimalizia nguo za watu za Idi.

Hapo ndipo tarehe ilipotuua. Mahakama ilipanga kusikiliza shahidi baada ya Krismasi. Na Abass alikuwa anahama. Baba yake alikuwa amefariki kule Pemba na kumwachia mikarafuu, msimu wa kuchuma unaingia, na yeye ndiye mtoto wa kiume. Hakuwa anakwenda kuchuma na kurudi. Alikuwa anafunga cherehani, anafunga godoro, anafunga mke.

Mama Yona ndiye aliyehangaika. Mjomba alitumwa mahakamani kuuliza kama tarehe inaweza kuwahishwa, akarudi anatabasamu.

"Wamesemaje?"

"Sikuuliza. Nimewakuta wana kazi nyingi. Ila karani yule ni mtu mwema sana, kwao ni Korogwe."

Mama Yona alimtazama hivi, kama mtu anavyotazama sufuria iliyotoboka. Akavaa kitenge akaenda mwenyewe kwa Fanueli, msaidizi wa kisheria anayewaandikia watu maombi bure pale ofisi ya kata. Fanueli ni kijana anayejua kazi yake na anayejua kwamba anaijua. Akaandika ombi la kuwahisha tarehe, akaambatanisha hati ya dharura. Sababu alizozitia zilikuwa mbili: shahidi anahama bara moja kwa moja, na hali ya mguu ni mbaya haisubiri.

"Mimi mahakama hainiruhusu kukusemea," Fanueli alimwambia mjomba. "Nitakaa kwenye benchi kama mtazamaji. Utasema mwenyewe. Tufanye mazoezi."

Tukafanya mazoezi uani. Mama Yona akawa hakimu, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Eleza hali ya mguu wako!"

"Mguu, mheshimiwa, una shida kidogo."

"Kidogo!" Mama Yona akaipiga ndoo kwa kisigino. "Kidogo! Sema unaoza!"

"Mama Yona, neno hilo ni kali."

"Mguu wenyewe si mkali? Ndani humu nani analala akapumua?"

Fanueli akasema kwa upole wa mtu anayefundisha chekechea, "Mzee, sema hivi: mguu unaoza, daktari amesema utakatwa. Basi. Na usimalizie na kumshukuru Mungu."

"Nisimshukuru Mungu?"

"Mshukuru moyoni."

Tulirudia mpaka akaweza. Mguu unaoza, daktari amesema utakatwa. Alikuwa akilisema huku akitazama chini kama mtoto aliyekamatwa na sukari, lakini alilisema. Mama Yona akaridhika. Fanueli akaridhika. Wote wawili, wajanja wale, walimfundisha kujibu swali. Hakuna aliyekumbuka kwamba kabla ya swali watu husalimiana.

Siku ya ombi tulikwenda sote. Mjomba alivaa koti lake la kanisani. Tulipofika tukakaa kwenye benchi la ukumbini nje ya ofisi ya hakimu, na Abass akaja na kofia yake mpya na utepe wa kupimia nguo umemning'inia shingoni, alisahau kuuvua. Haukupita muda akaingia Mselem na wakili wake, kanzu nyeupe, manukato yamemtangulia. Mjomba akaanza kuinuka. Mtu ana magongo mawili na mguu umevimba kama nguzo, anainuka kumsalimia aliyemvunja.

"Asalaam aleikum, tajiri."

"Waaleikum salaam, mzee wangu! Kaa, kaa, usijisumbue. Mguu umeamkaje?"

"Hajambo. Mzima kabisa. Nyumbani hawajambo?"

Mama Yona alimvuta koti akakaa kwa kishindo. "Huyo ni adui yako," akamnong'oneza.

"Ni salamu tu, Mama Yona."

Wakili wa Mselem alikuwa akitabasamu dirishani. Mimi nilimwona. Alikuwa na sura ya mtu aliyeokota kitu barabarani na kukitia mfukoni kabla mwenyewe hajageuka.

Tukaitwa ndani. Hakimu alikuwa dada kijana, mwembamba, ana miwani, na meza yake imejaa mafaili mpaka uso hauonekani vizuri. Nilitaraji awe mkali. Ingekuwa heri angekuwa mkali. Alipomwona mjomba akihangaika na magongo mlangoni akamwonea huruma, akamwelekeza kiti, akasema kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri:

"Habari yako, mzee? Unaendeleaje na hali?"

Mjomba akanyooka kitini. Uso ukamng'aa. Hapa sasa alikuwa nyumbani kwake.

"Njema, mheshimiwa. Mzima kabisa, tunamshukuru Mungu. Wewe hujambo? Kazi zinakwendaje? Watoto wazima?"

Karani akacheka. Hakimu mwenyewe akatabasamu. Fanueli kwenye benchi akafumba macho. Wakili wa Mselem akasimama, akafunga kifungo cha koti taratibu.

"Mheshimiwa, kabla hatujaendelea, naomba jibu la mwombaji liingie kwenye kumbukumbu. Mahakama imemuuliza hali yake, naye kwa hiari yake amesema ni mzima kabisa. Amemwambia mteja wangu hivyohivyo pale nje, mbele ya watu. Sijui dharura tuliyoitiwa hapa ni ya nani."

Hakimu akavua miwani, akaifuta. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Mzee, hii hapa inasema hali yako ni mbaya na haisubiri. Nawe umeniambia u mzima. Nishike lipi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Uani alilijibu mara nyingi, ndoo ni shahidi. Mjomba akafungua mdomo. Akamtazama hakimu, akamtazama Mselem aliyekaa mikono magotini kama yuko msikitini, akatutazama sisi.

"Mheshimiwa, si sana."

"Si sana nini, mzee? Unaumwa au huumwi?"

"Kawaida tu. Ya mwili haya. Hatujambo."

"Fungua bandeji!" Mama Yona alipiga kelele kutoka nyuma. "Zabron, fungua bandeji aone!"

"Mama, kaa chini," karani akasema.

Hakimu akamwambia mjomba, "Unaweza kunionyesha ukipenda."

Mjomba akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili, ila si kuufungua, kuufunika. "Hapana, mheshimiwa. Wewe ni kama binti yangu. Si kitu cha kuona asubuhi."

Cheti cha daktari kilikuwemo, wakili akasema kimepitwa na wakati, ni cha kabla ya masika, na kweli kilikuwa cha kabla ya masika. Ikabaki sababu ya pili. Abass akasimamishwa.

"Unakwenda Pemba?"

"Naam, mheshimiwa."

"Msimu wa karafuu ukiisha utarudi Tanga?"

Abass akaushika ule utepe wake wa kupimia, akauzungusha kidoleni. Mtaa mzima ulijua jibu. Godoro lake lilikuwa limeshafungwa kamba.

"Inshallah, mheshimiwa."

"Utarudi?"

"Inshallah nitarudi."

Basi. Hakimu akaandika. Mwombaji hana dharura, shahidi atarudi, tarehe ibaki ileile. Nilikuwa naisikia kalamu. Simlaumu sana yule dada, aliwaamini watu wazima wawili walivyosema, ndiyo kazi yake. Ila mtu aliyekulia pwani hii hii, akafundishwa kuitika salamu na mama yake, anaandikaje salamu ya mzee kama kiapo? Naye alijua. Alipomaliza hakumtazama mjomba usoni.

Na mjomba akasemaje? Akasimama na magongo yake, akainamisha kichwa.

"Ahsante sana, mheshimiwa. Mungu akubariki."

Kule nje Mselem akampa mkono. "Pole sana, mzee wangu. Tutaonana baada ya Krismasi."

"Ahsante, tajiri. Wasalimie nyumbani."

Mama Yona alitutangulia njia nzima. Alianza kusema tulipofika, na hakunyamaza tena. Jioni ile mjomba alipokaa kwenye kigoda na kunyoosha mguu, mkewe alipita na beseni la maji ya moto akaenda kuyamwaga kwenye mchicha.

"Mama Yona, bandeji."

"Mtu mzima kabisa hafungwi bandeji. Nimesikia mahakamani, tena imeandikwa."

Kesho yake akamwekea ndoo mlangoni, akachote maji bombani. "Si mzima wewe?" Mjomba akaenda, ndoo ameifunga kwa kamba shingoni, akarudi na maji nusu, nusu yako kwenye suruali. Watoto wa mtaa wakamwona. Tangu siku hiyo wakamwita Mzima Kabisa. Akipita wanaimba, "Mzima Kabisa, shikamoo!" Naye anaitika, "Marahaba, wanangu," kila mmoja kwa zamu yake. Bi Rahila muuza vitumbua wa mlango wa jirani, mtu aliyekuwa akimpa kitumbua kila asubuhi, sasa alianza kumuuliza mbele ya wateja, "Mguu je, mzee Zabron?" ili tu wamsikie anavyojibu. Naye akijibu. Wateja wakijishika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nachambua mchele, nawatazama wote. Sikujua nimdharau nani zaidi, anayeuliza akijua au anayejibu akijua.

Abass alikuja kuaga siku ya safari, mkokoteni umebeba cherehani na godoro, mkewe amekaa juu ya mabegi. Mjomba akamshika mkono kwa mikono miwili, akamtakia bahari tulivu.

"Inshallah tutaonana, mzee Zabron."

Mama Yona akatoka jikoni na mwiko. "Hebu ngoja, Abass. Inshallah ya mahakamani na inshallah ya hapa, ipi yenye kurudi?"

Abass akatazama magurudumu. "Shemeji, nimeachiwa mikarafuu ya marehemu baba. Nani anaiacha?"

"Mbona hukumwambia hakimu?"

"Niseme kwa kinywa changu sirudi, na maji yako mbele yangu? Na mke huyu ndani ya boti? Shemeji, usinitafutie msiba."

"Msiba uko hapa, umesimama na magongo!"

"Usimgombeze, Mama Yona," mjomba akasema. "Mtu yuko safarini." Akamfuata Abass na mkokoteni wake mpaka kona, kumsindikiza, akachechemea na kurudi, jasho limemlowesha koti.

Baada ya hapo joto likazidi na mguu ukazidi. Ngozi ya kifundoni ikageuka rangi, ikawa kama ganda la zambarau. Bandeji alijifunga mwenyewe, vibaya. Alikuwa bado anakwenda kusalimia, lakini sasa watu walikuwa wakiitikia wakiwa ndani, hawatoki, kwa ajili ya harufu.

Asubuhi moja hakwenda. Tulimkuta amekaa kigodani uani, amevaa koti la kanisani, hajagusa chai. Mama Yona alikuwa anakuna nazi, na Bi Rahila alikuwa amekuja kuazima kinu, wanachekeana.

"Bwana Mzima Kabisa!" Mama Yona akamwita. "Leo watu hawasalimiwi? Umeamkaje?"

Mjomba akamtazama. Alisema polepole, vizuri, kama alivyofundishwa, bila kutazama chini.

"Mguu unaoza. Daktari amesema utakatwa."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Bi Rahila akasema, "Astaghfirullah, asubuhi yote hii." Mama Yona alikaa na kifuu mkononi, na kwa kitambo kidogo nilidhani atakiweka chini akamfuate. Kisha akaanza kukuna tena, kwa nguvu.

"Sasa unaniambia mimi? Mimi ndiye hakimu?"

Mjomba akavuta magongo, akainuka. Nilidhani anakwenda kusalimia, amechelewa tu. Akatoka kwa mlango wa mbele, nami nikasimama kizingitini kumtazama. Akapita kwa Bi Rahila, hakupiga hodi. Akapita nyumba inayofuata, mwenyewe alikuwa nje anapiga mswaki, akatema akasema, "Mzee Zabron, umeamkaje?" Mjomba akapita. Watoto wakaanza, "Mzima Kabisa, shikamoo!" wakasikia kimya, wakaishia katikati ya wimbo, wakatazamana kama waliovunja kitu cha watu.

Kule barabarani kulikuwa na bajaji imepaki, dereva kijana, si wa mtaa wetu. Alipomwona anakuja akashuka, akampokea magongo kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

Mjomba alipanda, akauvuta mguu kwa mikono akauingiza, akatazama mbele. Yule kijana akangoja, kama mtu anavyongoja. Akarudia, "Shikamoo." Hakuitikiwa. Akawasha, wakaondoka, kwenda wapi hatukuambiwa, na mjomba hakurudi tena.